Ndoo ya Mama Panya

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Panya anausukuma kwa bega mlango wa chumba cha wanyama, mikono yote miwili imeshika madumu ya plastiki. Anapita akiwasalimia wenyeji wake kizimba kwa kizimba. Panya tisini na sita wanamtazama, pua zinawacheza.

"Hawa ndio mabosi wangu," anasema akiyatua madumu. "Wale wenye makoti meupe ni wasimamizi tu."

Kazi yake ni kuwalisha, kuwanywesha na kusafisha vizimba katika maabara inayochunguza jinsi mwanga mkali unavyoharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Leo furaha haimkai, anaongea huku akimimina maji na hakosei hata tone.

Mwanga mkali anaujua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, katika karakana yake, ambamo mafundi watatu walitumia kinga moja ya macho kwa zamu. Jicho lake la kulia limebaki na doa katikati.

"Nikifumba la kushoto nikakutazama, naona masikio yako tu," anasema na kucheka. "Kuna watu ni nafuu hivyo hivyo."

Mtafiti anayeongoza kazi alimweleza wazo lao kwa lugha nyepesi. Zinki ni madini ambayo mwili unayahitaji, macho yakiwemo. Lakini huenda mwanga ukizidi, zinki hutoka mahali pake ndani ya chembe za retina na kuanza kuziua. Basi nusu ya panya wakapewa chakula chenye zinki kidogo, kisha wote wakawekwa mbele ya taa kali kwa saa nne. Kama wazo ni sahihi, nusu ile ingeumia kidogo.

Miezi minane ikapita, majibu shaghalabaghala. Kati ya panya waliolishwa zinki kidogo, wa rafu ya chini walisalimika kama ilivyotarajiwa. Wa rafu ya juu, waliokula chakula kilekile, waliharibika vibaya. Wafadhili wakatoa notisi kwamba mwisho wa mwezi utafiti unafungwa. Mama Panya anakiri kuwa siku hiyo alijifungia stoo akalia.

Wiki hiyohiyo, akiosha ndoo, aliona mabaka meupe ndani yake.

Mpira wa maji haukufika rafu ya juu. Kwa hiyo kila jioni alikuwa akijaza ndoo ya bati aliyotoka nayo nyumbani, na asubuhi kuwanywesha nayo wale wa juu. Fundi yeyote wa kuchomelea anajua kwamba bati hupakwa zinki lisishike kutu. Ndiyo inayotoa moshi mweupe bati likichomwa, moshi unaomlaza fundi na homa.

Mabaka yale yalikuwa zinki, na maji ya panya yalikuwa yakilala humo usiku kucha. Angeweza kuitupa ndoo na kunyamaza, maana kuungama kuwa umevuruga kazi ya miezi minane ni kujipalia makaa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Akapiga moyo konde, akaibeba hadi ofisini kwa mtafiti na kuitua juu ya karatasi zake.

"Daktari," alisema, "zinki mnayowanyima hawa panya, mimi ndiye ninayewapa."

Mtafiti anasimulia kwamba alichota maji ya ndoo na kuyapima mwenyewe. Zinki ilikuwa tele. Wafadhili wakakubali kuongeza miezi mitatu, jaribio likarudiwa kwa panya wapya na madumu ya plastiki. Mama Panya hakufukuzwa.

Majibu yalitoka Ijumaa iliyopita. Kati ya panya arobaini na wanane waliolishwa zinki kidogo, arobaini na mmoja retina zao zimesalimika, wa juu kwa wa chini. Vigelegele vilisikika hadi getini, na aliyevianza anajulikana.

Mtafiti anaonya kwamba panya si binadamu, na mtu asianze kukwepa zinki kwenye chakula chake. Dawa, kama itakuwepo, bado iko mbali.

Mama Panya anajua haitaliwahi jicho lake. Anayemwaza ni binti yake wa miaka ishirini na miwili, aliyerithi karakana, mashine na ubishi wa mama. Kinga anayo yake peke yake, lakini huiacha msumarini akidai ina joto. Mtafiti amemwombea mama ruhusa amlete binti maabara Jumamosi hii, atazame kwenye hadubini retina mbili, iliyosalimika na iliyoharibika.

"Maneno yangu ameshayazoea," anasema akifunga kizimba cha mwisho. "Nataka aone kwa macho yake, wakati bado anayo yote mawili."