Mwano Nilioupiga Mimi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanisifu bure. Naogopa radi, naogopa nyoka, na tangu nilipoanza unesi katika kituo cha afya karibu na machimbo ya Nyarugusu, naogopa mvua za mfululizo. Mvua hulainisha maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na duara likishalainika halijui mtoto wa nani yumo ndani.

Siku hiyo alikuwamo mdogo wangu. Tumezaliwa tumbo moja, kijijini Samuye, mimi wa kwanza yeye kitindamimba. Nimembeba mgongoni mpaka kiuno kikaniuma. Alikuwa ameacha mke na watoto wawili nyumbani, akisema atachimba msimu mmoja tu. Wanaume wanne walimleta kwenye turubai, paja limesagwa na jiwe, huwezi kutofautisha tope na damu. Aliponiona akasema, "Shikamoo, dada." Mjinga yule. Mtu anakufa, bado anaamkia. Niliitikia marahaba huku nikimfunga bendeji, ikanidondoka mara mbili.

Daktari wetu alimtundikia maji, kisha akanivuta pembeni. "Bila damu hafiki jioni," akasema. Damu hatukuwa nayo. Chupa ya mwisho tulikuwa tumempa mzazi juzi yake. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji tangu asubuhi na gari la wagonjwa lilikuwa limekwama ng'ambo. Ilibaki droni.

Kituo chetu kilikuwa kimeunganishwa na mpango huo hivi karibuni. Unaagiza kwa simu, ghala la mjini linapokea, kindege kisicho na rubani kinarushwa, nawe unakitazama kwenye ramani ya simu kikija. Kinaangusha boksi kwa parashuti kwenye uwanja wa mpira nyuma ya wodi. Sharti lake ni moja, uwanja uwe mtupu, maana boksi likimwangukia mtu kichwani huo ni msiba mwingine.

Niliagiza. Alama ndogo ikaanza kusogea kwenye ramani. Nikamwambia mlinzi wetu, mzee mmoja, Msukuma kama mimi, "Baba, waarifu watu wote, asikanyage mtu uwanjani." Akaitikia, akatoka. Nikarudi kumshika mdogo wangu mkono. Ulikuwa wa baridi. Niliogopa kiasi kwamba nilikuwa namhesabia pumzi na kusahau nimefika ngapi.

Ndipo nikasikia mwano.

Asiyekulia Usukumani nimweleze. Mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha ugali mezani, unakimbilia unakotoka, na asiyekwenda ataulizwa alikuwa wapi. Sasa mzee wangu yule, akitaka habari iwafikie watu wote kwa mara moja, alisimama katikati ya uwanja akapiga mwano, ili wakifika awaambie wasije uwanjani.

Nilichungulia dirishani. Watu walikuwa wanamiminika kutoka sokoni na kwenye mashine za kusaga mawe, wengine na sururu begani, na kila aliyefika alisimama papo hapo akiuliza nani kauawa. Mzee aliwafukuza kwa fimbo. Waliofukuzwa walipishana na waliokuwa wanafika.

Simu ikaita. Alikuwa mrusha droni, kule mjini.

"Sista, nauona uwanja kwenye kamera. Umejaa watu. Siwezi kuangusha."

"Zungusha kidogo, kaka yangu."

"Nazungusha mara mbili tu. Betri ikipungua droni inageuka yenyewe, hata mimi siwezi kuizuia."

Nikatoka mbio. Kindege kilikuwa juu yetu, cheupe, kinavuma, na watu wamekinyooshea vidole. Mmoja alisema kimetumwa kupima dhahabu yao, basi ndiyo wakazidi kukitazama. Nilipiga kelele, nikasukuma migongo ya watu, nikasukumwa mimi. Kikamaliza mzunguko wa kwanza.

Kwetu kupiga mwano pasipo hatari si jambo la mzaha. Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba anayewadanganya watu kwa mwano, siku yake ikifika atalia peke yake. Nililijua hilo vizuri. Nikakimbia mpaka ng'ambo ya vyoo, barabarani, nikaweka mikono kinywani, nikaupiga mwano kwa pumzi zangu zote.

Walikuja wote. Niliwaona wakinijia na sururu zao, na juu ya vichwa vyao, nyuma kabisa, nikaona parashuti ikifunguka. "Nini? Wapi?" wakaniuliza, wakihema. Sikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Nikawapita mbio, nikaliokota boksi uwanjani, nikarudi nalo wodini.

Damu iliingia. Baadaye, hospitali kubwa, mguu ulikatwa, lakini mwenyewe yu hai.

Wazee wa sungusungu, ulinzi wetu wa jadi, waliniita. Nilijieleza, wakanielewa, na wakanipa pole ya mdogo wangu. Kisha wakasema mwano wa mlinzi ulionya hatari ya kweli ila wangu ulidanganya, na desturi ni desturi, mpaka mavuno yapite hakuna anayelazimika kuitikia mwano wangu. Sikubisha. Ila ninaishi chumba cha mwisho, pembezoni mwa mashimo, na tangu siku hiyo kila mlio wa bati unanishtua. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu zamani, hata nilipoogopa, nilijua nikilia watu watakuja.

Mdogo wangu anakaa nami sasa, anajifunza kutembelea magongo kabla ya kurudi kwa mkewe na watoto. Nilimsimulia hukumu hiyo tukiwa tunakula, nikijitahidi kuifanya kichekesho. Hakucheka. Alivuta gongo lililokuwa ukutani akaliweka karibu na mkono wake.

"Wewe piga tu, dada," akasema. "Mimi nitakuja."