Anayelia Nyuma ya Ukuta

Mama Pasi hakuwahi kuingia kwenye bustani ya wanyama, ingawa ukuta wake ndio uliomalizia ua wa nyumba yake. Kuingia ni bure, lakini yeye alikuwa na msimamo: rahisi ghali, na cha bure ghali zaidi. Tena lango liko upande wa pili kabisa, mwendo wa kutoa jasho. Akiulizwa mbona haendi kutazama wanyama, hujibu, "Kwani wateja wangu hamjawaona?"

Wateja hao huwapokea chumba cha mbele, kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Ana pasi mbili zinazopokezana, moja ikipoa nyingine inafanya kazi. Wapo wanaoleta suruali iliyochanika gotini kisha wadai pasi ndiyo iliyoichana. Amewazoea.

Mnyama hakumjua hata mmoja, ila sauti moja aliijua sana. Kila jioni, jua likianza kulegea, kitu fulani ng'ambo ya ukuta kilipiga ukelele: "Miyaaao! Miyaaao!" Utasema paka kameza tarumbeta. Kichwani mwake Mama Pasi alishamuumba mwenye sauti hiyo: mkubwa, shingo ndefu, mdomo mpana, na roho nzuri.

Tangu mumewe afariki, jioni ndiyo ilikuwa saa mbaya ndani ya nyumba ile. Marehemu alikuwa msemaji hasa, akikosa wa kuongea naye atabishana na redio. Sasa aliyebaki ni kitinda mimba wao, binti anayeuza kwenye duka la dawa. Mtoto mwema, hana neno, lakini akirudi kazini amechoka, nyaya za simu masikioni, na anamwamkia mama yake kwa kidole gumba tu. Basi Mama Pasi akazoea kusimama dirishani, na yule wa ng'ambo akilia, anamjibu. "Haya, mwenzangu, umeshindaje? Mimi leo nimeunguza kola ya mwalimu."

Kisha sauti ikakatika. Jioni ya kwanza alidhani ni upepo umegeuka. Zilizofuata alitega sikio mpaka shingo ikamuuma, kimya. Kumwuliza binti yake aliona haya. Utaanzaje kumwambia mtoto uliyemzaa kwamba roho inakuuma kwa ajili ya mnyama usiyemjua hata sura? Lakini usilolijua ni usiku wa giza, na gizani Mama Pasi hakai. Alasiri moja alizima pasi zote mbili, akavuta mlango, akajitanda mtandio wake na kulifuata lango.

Mtunza wanyama alikuwa mtu wa makamo mwenye viatu vya mpira na ndoo isiyombanduka mkononi. Watoto walimwita Bwana Ndoo.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unionyeshe anayelia."

Ndoo ikayumba. "Anayelia? Hapa hakuna anayelia. Hawa wangu wote wapole."

"Yupo. Nakaa nyuma ya ukuta."

Kusikia hivyo, Bwana Ndoo akazidi kuwa mpole kuliko hao wanyama wake. Akamtembeza. Sungura, hawa hawalii. Kobe, huyu hata kupumua anaona tabu. Paa wawili wenye macho ya kuomba radhi. Mama Pasi, pamoja na wasiwasi wake, alijikuta anasimama kila banda: kumbe kobe hutafuna majani kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu mwenye jino bovu! Lakini hakusahau kilichomleta.

"Labda sijakueleza vizuri," alisema. "Analia hivi." Akavuta pumzi. "Miyaaao!"

Tumbili wakakimbilia darini mwa banda lao. Baba mmoja aliyembeba mwanawe mabegani aligeuka huku na huku akitafuta huyo mnyama yuko tundu gani.

"Hapana, mama," Bwana Ndoo akasema, jasho linamtoka. "Huyo hatuna."

Mwisho wa njia lilikuwepo banda lililofunikwa turubai zito mpaka chini.

"Na humu?"

"Matengenezo."

Mama Pasi akainama. Chini ya turubai kulikuwa kumechomoza manyoya marefu, na kwenye ncha zake kulikuwa na duara za buluu kama macho.

"Matengenezo gani haya yenye mkia?"

Bwana Ndoo akaweka ndoo chini. "Mama yangu, nisamehe. Kama umekuja kushtaki kelele, nimeshamfunika. Alasiri tu namziba, anadhani ni usiku, analala. Nimfanye nini tena?"

"Nishtaki? Mimi nilidhani amekufa!"

Bwana Ndoo akamtazama, kisha akalivuta turubai. Akatokea tausi. Mama Pasi akashika mdomo. Uzuri wote huo, na sauti ile!

"Nani aliyelalamika?" aliuliza baadaye, akijifuta macho.

"Binti mmoja wa duka la dawa, alikuja kwa adabu kabisa. Alisema mama yake amefiwa, na ndege huyu akilia anaanza kuongea peke yake dirishani. Anaogopa mama yake atachanganyikiwa."

Mama Pasi aliketi kwenye benchi. Halafu akatoa simu.

Binti alifika mbio, koti jeupe la kazini bado mwilini. "Mama! Umefikaje huku?" Aliuliza kama anayemuuliza mtoto aliyepotelea sokoni.

"Kwa miguu yangu. Kaa."

Akakaa. Alimwona tausi, akamwona Bwana Ndoo akijifanya anafagia, akaelewa.

"Niliogopa, mama. Unaongea na hakuna mtu."

"Ungeniuliza."

"Nawe ungeniambia mimi. Si niko chumba cha pili?"

Hapo mtoto alikuwa amesema kweli, na ilimchoma.

"Huwa unamwambia nini?" binti akauliza, sasa taratibu.

"Mambo ya kutwa tu. Nani kaleta nguo, nani kakasirika." Akavuta ncha ya mtandio wake. "Na shati la baba yako, lile la mistari. Bado nalipiga pasi kila Jumamosi. Nalikunja, nalirudisha kabatini. Hilo sijamwambia mtu."

Binti akamsogelea mama yake pale kwenye benchi.

"Jumamosi hii," alisema, "usilipige mpaka nirudi."