Kushoto kwa Ng'ombe

Mwaka ule volkano iliposhuka ikapita katikati ya mji wetu wa Goma, mimi nilikuwa ng'ombe wa darasa. Sifanyi mzaha. Nilikuwa napiga magoti, mikono chini, na wenzangu wananizunguka na chaki.

Shule yetu ya mifugo ilikuwa imefunikwa na lava, pamoja na michoro yake yote ya ukutani. Watu wa kanisa moja la mtaa wa Ndosho walitupa banda la mbao tusomee humo. Mwalimu wetu wa anatomia, mtu wa upande wa Bukavu ambaye hakuacha kufunga tai hata vumbi jeusi likiwa limejaa hewani, alibakiwa na kipande cha chaki na mdomo wake tu. Siku ya kwanza alitutazama kwa zamu, akaninyooshea kidole.

"Mademoiselle, njoo hapa mbele. Wewe utakuwa ng'ombe."

"Mimi? Ju ya nini mimi?"

"Uko na mgongo mrefu."

Darasa lilivunjika mbavu kwa kicheko. Wasichana tulikuwa wachache mle ndani, na mimi sikuwa mtu wa kutaniwa bure. Hasira zilinipanda hadi masikioni. Lakini kila asubuhi nilikuwa natoka nyumbani Munigi kwa miguu, juu ya mawe makali yanayotafuna viatu, na sikutembea vile ili nifukuzwe kwa mdomo mchafu. Nikapiga magoti.

Mwalimu akachora mstari kwenye sweta yangu, toka shingoni mpaka mwisho wa mgongo. Hapo, alisema, ndipo katikati ya mnyama. Ukimpasua kwa mstari huo unapata nusu mbili zinazofanana: pembe huku, pembe kule, jicho huku, jicho kule. Akakata hewa nyuma ya mabega yangu: kupasua kwa kukingama, kichwa kinabaki upande mmoja na mkia upande wa pili. Akapitisha kiganja kwa urefu wa mbavu zangu: sasa mgongo umeachana na tumbo. Upande wa mgongo tukauita dorsal, wa tumbo ventral, maana mtihani ulikuwa wa Kifaransa.

"Na juu ya ng'ombe ni wapi?" akauliza.

Kijana mmoja akanyoosha mkono dirishani, kuelekea Nyiragongo. Hatukumcheka sana. Kwetu Goma juu ni volkano na chini ni ziwa, hata mtoto anajua. Mwalimu akashika kichwa.

"Bwana, ng'ombe hana habari na volkano yako. Akigeuka, pande zake zinageuka naye!"

Kisha akasimama mbele ya uso wangu. "Haya, nionyesheni kushoto." Darasa zima likaonyesha mkono wangu wa kulia. Zima! Wote walikuwa wamesimama wananitazama usoni, na kila mmoja alikuwa ametafuta kushoto kwake mwenyewe. Nikashindwa kuvumilia. Nikainua kichwa nikapayuka kutoka pale chini:

"Kushoto ni kwangu mimi! Ng'ombe ni mimi, wajinga nyinyi!"

Nikajua nimekwisha. Mwalimu akakohoa, akanyoosha tai yake.

"Mumesikia," akasema. "Ng'ombe amejibu."

Akainama akachora pembetatu nyuma ya mbavu zangu, kushoto, na sauti yake ikabadilika. Nje, alisema, ng'ombe anafanana pande zote mbili, lakini ndani hafanani hata kidogo. Tumbo kubwa limekaa kushoto. Akivimba kwa gesi na dawa hakuna, unamtoboa ndani ya pembetatu hiyo, na ncha ya kisu unaielekeza kwenye kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia. Ukitoboa upande wa pili unakutana na utumbo na ini, na hapo utakuwa umemuua wewe mwenyewe.

Nyumbani mama aliitazama ile sweta, akaigeuza mbele na nyuma. "Nani amekuchora hivi?" Nikamwambia nimekuwa ng'ombe. "Aah bon," akasema. "Na sabuni nayo itatoka huko huko shuleni?"

Ng'ombe wa kweli alikuwa amebaki mmoja tu. Kule Masisi tulikotoka, papa, baba yangu, alikuwa na kundi lililojaza kilima. Vita vikaja, uasi ukafuata uasi, na kila mwenye bunduki aliyepita aliondoka na ng'ombe wetu kadhaa. Papa alishuka Munigi na jike moja la rangi ya kahawia, na ndama wake anayenyonya. Papa hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu tukimbie alikuwa amepunguza hata yale machache. Jioni tu ndipo ulimsikia, amesimama kando ya yule ng'ombe, anamsifu taratibu kwa Kinyarwanda kama alivyokuwa akilisifu kundi zima. Nilikuwa namsikiliza nikiwa jikoni na moyo unaniuma. Nilijua kabisa kwamba ng'ombe yule akifa, papa atakaa kimya moja kwa moja.

Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta ng'ombe amekata kamba. Alikuwa ameingia kwenye maharagwe mabichi ya jirani, bado na umande wake, akala mpaka akashindwa kula. Alisimama miguu imetanuka, ulimi nje, akipumua kwa kukoroma. Alikuwa amevimba kushoto na kulia sawasawa, ngozi imekaza kama ngoma, huwezi kujua uvimbe umeanzia upande gani. Majirani wakajaa. Kila mtu na dawa yake: mpeni majivu, mkimbizeni, mwombeeni.

Baba mdogo, mdogo wake papa, alikwisha kuleta kisu. "Kaka, tumuchinje mbele hajakufa. Walau watoto watakula nyama."

Papa alikuwa ameshika pembe ya ng'ombe. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na mimi nikaona sitaweza kulibeba jambo lile maisha yangu yote.

"Papa, wanamutoboaka!" nikapiga kelele. "Gesi inatoka, anapona!"

"Ndiyo!" baba mdogo akadakia. "Niliona veterinere moja, munganga wa ng'ombe, kule Masisi. Alitoboa kushoto!" Naye alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe, wanatazamana uso kwa uso. Akaenda mbio upande wa mkono wake wa kushoto na kuweka ncha ya kisu kwenye ubavu.

Nilimrukia mkono. Msichana kumshika baba yake mdogo mkono mbele ya watu! Nilisikia mama akisema, "Mungu wangu."

"Acha! Kushoto ya nani?"

"Kushoto ni kushoto! Mukono wa kike!" Akaunyanyua wake, anautikisa mbele ya uso wangu.

"Ya kwako ao ya ng'ombe? Hapo unamuua!"

"Wee mutoto, toka hapa! Shule imekutia kichaa?"

Nilienda nikasimama bega kwa bega na ng'ombe, uso wangu nikaupeleka alikotazama yeye, kisha nikainua mkono wangu wa kushoto, juu kabisa, kila mtu auone. Ulikuwa upande wa pili kabisa wa pale kisu kilipowekwa.

Papa akanitazama, akautazama ule mkono. "Una hakika?"

Nikauacha mkono pale pale juu. "Ndiyo, papa."

Akamnyang'anya mdogo wake kisu, akanipa.

Ile pembetatu ya nyuma ya mbavu haikuonekana kwa uvimbe. Nikapapasa: ubavu wa mwisho huu hapa, mfupa wa nyonga ule pale, ukingo wa mgongo juu yake. Nikaelekeza ncha kwenye kiwiko cha kulia, nikafumba mdomo, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Ngozi ya ng'ombe ni ngumu jamani! Kisha ikakubali. Upepo ukatoka unapiga mluzi, na harufu yake, acha kabisa, watu waliokuwa karibu walirudi nyuma kwa mkupuo. Nikachomeka mrija mnene wa kunywea pombe. Povu likaziba. "Mafuta!" nikamwamuru mama yangu mzazi, naye akaja mbio na chupa ya mawese. Tukayamimina mrijani kidogo kidogo, tukangoja, na povu likaanza kuvunjika. Mluzi ukarudi. Tumbo likashuka mbele ya macho yetu, kwanza upande wangu, halafu upande wa pili. Ng'ombe akafunga mdomo, akatulia, akapiga mbweu moja ndefu ambayo sijasikia wimbo wa kanisani ulioishinda kwa utamu.

Uwanja ulilipuka! Wamama walipiga vigelegele. Baba mdogo aliruka kuliko wote, na kabla ya saa sita alikuwa anawasimulia wapita njia jinsi tulivyotoboa kushoto, yeye na mimi. Nilimwacha. Siku ile nilikuwa tajiri, ningeweza kumgawia yeyote. Mwalimu alikuja kesho yake na dawa ya kidonda, akamzunguka ng'ombe polepole, kisha akanipa mkono kama anavyowapa wakubwa wenzake.

Kidonda kilipofunga, papa aliniita asubuhi zizini. Alikuwa ameosha kile chombo chake cha mti cha kukamulia. Kwetu mwanamke hutikisa maziwa, huyagawa, huyapeleka sokoni, lakini hakamui. Kukamua ni kazi ya wanaume, na papa hakuwahi kumwachia hata mama. Akaniwekea chombo mikononi.

"Kaka," baba mdogo akasema kutoka mlangoni, "huyo ni musichana."

"Najua," papa akasema. "Ni mimi nilimuzaa."

Akaenda kumshika ndama, kazi ya watoto, akanisubiri. Nikachuchumaa. Maziwa ya kwanza yalinipiga gotini, papa akacheka kwa sauti, na ya pili yakaingia ndani ya chombo.