Kitufe cha A

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama Vitufe akiwa amechuchumaa chini ya meza ya karakana yake, akitafuta bisibisi. "Mpw wngu, kibodi imehribik. Njoo hrk."

Alicheka peke yake mpaka akakaa sakafuni. Halafu kicheko kikamkauka. Mjomba wake alikuwa haoni, na riziki yake ilitokana na kutafsiri vitabu. Kiswahili bila A hakiendi popote.

Kibodi yenyewe ilikuwa ya zamani, nzito kama tofali. Watoto wa Mjomba walishamnunulia mpya zaidi ya mara moja, lakini vidole vyake vilipotea humo.

"Nitengenezee hicho kimoja tu," Mjomba alisema mpwa wake alipofika. "Vingine usiviguse, mama. Nimevizoea."

Mama Vitufe aling'oa swichi iliyo chini ya kitufe cha A, akaenda nayo karakana na kuifungua. Springi, kipande cha plastiki ya kahawia, vibati viwili vya shaba, kimoja kimekatika. Hapakuwa na jina wala nembo. Akawatumia mafundi wenzake picha. Huyu akasema hivi, yule vile, wakabishana mpaka wakamsahau mwenye swali. Basi akaamua kuitafuta kwa kidole: swichi inayoshuka laini na kimya, kama zilivyoshuka jirani zake. Akapata moja, akarudi kwa Mjomba kuifunga.

Mjomba aliibonyeza mara mbili. "Huyu si mwenzao."

Mama Vitufe alianza kufuta vumbi ili mikono isikae bure, na kitambaa kikaigonga Q.

Ta.

Akabonyeza tena. Ta. Akajaribu E, kimya. O, kimya. X: ta.

Hapo akaelewa. Kiswahili hakina kazi na Q wala X, kwa hiyo hizo zilibaki karibu kama zilivyotoka kiwandani. Zile nyingine hazikuzaliwa laini. Mjomba ndiye aliyezisugua kwa vidole, kitabu baada ya kitabu, zikanyamaza. Mama Vitufe alikuwa akitafuta uzee akidhani ni ukoo.

Mjomba alikuwa amegeuza kichwa. "Rudia," alisema.

Akarudia.

"Zote zilikuwa zikilia hivyo. Marehemu mke wangu alikuwa akinisikiliza kutoka jikoni. Nikinyamaza sana anajua nimekwama, anakuja kuniuliza ni neno gani." Alipapasa ukingo wa meza. "Wala sijui zilinyamaza lini."

Safari hii Mama Vitufe aliwatumia wenzake sauti badala ya picha. Fundi redio mmoja akamjibu kwamba stoo kwake kuna mashine ya zamani ya ofisi ambayo vitufe vyake vinalia vilevile. Wakaifungua pamoja: vibati vile vile, mkunjo ule ule.

"Sasa umejua inaitwaje?" Mjomba aliuliza, pasi ya kulehemu ikipata moto.

"Sijajua. Hata ile mashine haikuandikwa kitu. Ila ni ndugu zake, hilo sina shaka." Akasita. "Itapiga kelele, Mjomba. Naweza kuilainisha kidogo."

"Iache."

Alipomaliza, mzee alivuta kiti na kuendelea na sentensi aliyoiacha njiani. Karibu kila neno lilikuwa na A yake, mengine mbili, mengine tatu, na chumba kikajaa mlio huo mmoja katikati ya ukimya wa vitufe vingine. Wakati mmoja alikwama, mlio ukakatika; akatafuta neno, akalipata. Mama Vitufe alikusanya vifaa vyake taratibu kuliko kazi ilivyohitaji, akisikiliza.