Unga Uliokosa Mwenyewe

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya kapu la unga. Mengi ya miaka ile yamenitoka, hata sura za watu nazitafuta sizipati, lakini kapu lile nikifumba macho naliona, na uzito wake naujua shingoni. Kaa vizuri nikueleze. Na hiyo simu iweke kando kidogo, haitakimbia.

Kwetu, upande wa Kisesa, kabla ya Uhuru, tulikuwa na mwano. Ninyi hamuujui. Mwano ni ukelele wa hatari. Mmoja akiupiga, anayesikia anaupokea na kuupeleka mbele, kilima hadi kilima, na kila mwanamume anatoka na silaha yake kukimbilia unakotokea. Kuuliza ni baadaye. Aliyebaki nyumbani alitozwa ng'ombe, na sisi wasichana tukamtungia wimbo, na wimbo wetu aliuogopa kuliko faini. Desturi hiyo ilituokoa mara nyingi na wezi wa mifugo. Siisemi vibaya.

Sasa, serikali ya mkoloni ilikuwa imetoa amri tupunguze ng'ombe, eti ni wengi mno, ardhi inachoka. Kumwambia Msukuma apunguze ng'ombe, mtu huyo hakutujua hata kidogo. Asubuhi moja askari wakaja, wakawaswaga ng'ombe wa jirani yetu Mzee Lutema, wakaondoka nao njia ya Mwanza. Mke wake akapiga mwano. Wanaume walipofika, askari walishakwenda zao. Fikiria basi, wanaume wa vijiji kadhaa wamesimama uwanjani na mikuki na pinde, wamekimbia mpaka wanahema, wana hasira, na wa kupigana naye hayupo. Sauti ikatoka katikati yao, twendeni bomani Mwanza tukapigane. Wengine wakaitikia. Aliyeanza kusema ni nani, mpaka leo sijui, na nimeuliza sana. Hapo hapo ikawa imeamuliwa, keshokutwa watu wanaondoka, na wasichana wapite nyumba kwa nyumba kukusanya unga wa safari.

Ndugu yangu Masanja, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alikuwa ameoa karibuni na mkewe alikuwa mjamzito. Uwanjani alipiga kelele kuliko wote. Bomani kulikuwa na bunduki, na vijana ndio wangetangulia mbele. Niliogopa, sikufichi. Nilimwangalia akila nikaona kama ninaagana naye.

Lakini mimi nilizaliwa na maswali. Mama alikuwa akisema nitaolewa na mtu kiziwi, ndiye atakayenivumilia. Kesho yake nilichukua kapu nikaanzia nyumbani. Baba alikuwa ananoa mkuki.

"Baba, wewe unataka twende tukapigane na wenye bunduki?"

"Watu wanataka," akasema.

"Watu gani?"

Akaendelea kunoa. Halafu akasema, "Kabula, beba kapu lako uende."

Nikaenda. Ila jibu lile lilinikaa kichwani, kwa sababu nilimjua baba yangu, na sauti ile haikuwa ya mtu anayetaka kitu. Nikataka kuwajua hao watu. Nikasema, nitapita kila nyumba, bila shaka nitawakuta.

Masanja nilimkuta kwake. Alicheka kwanza, kisha akaangalia mlangoni mkewe asije akasikia. "Wenzangu wote wanakwenda. Mimi nibaki hapa ili unitungie wimbo?" Nikatia unga wao kapuni. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na huruma, vyote pamoja.

Nyumba iliyofuata ni ya mzee aliyepigana vita vya Wazungu huko Burma, akarudi na mkono wenye vidole pungufu. Huyu, nikajiambia, ndiye. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaninong'oneza kama mtu anayeshtaki. "Bunduki mimi naijua. Tutakufa kabla ya kufikia mlango wa boma. Lakini nikisema hivyo, watasema askari wa zamani anawaonea haya askari wenzake." Na unga akatoa, tena mwingi, ili asishukiwe.

Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Mjane mmoja alitoa kwa kuwa aliona jirani kanitolea. Jirani alitoa kwa kuwa aliniona natokea kwa mjane. Nami nazidi kushangaa, kapu linajaa, shingo inauma, na wale watu bado siwaoni. Nikaenda kwa Mzee Lutema mwenyewe, mwenye ng'ombe walioswagwa. Kama vita ina mwenyewe, ni yeye. Mzee alikuwa amekaa anaangalia zizi tupu. "Mimi nataka ng'ombe wangu," akasema. "Wakirudi bila mtu kufa, nachinja mmoja tunakula wote. Lakini watu wamenionea uchungu kiasi hiki, nitawaambiaje wasiende?"

Mwisho nikafika kwa Shija, mkuu wa vijana, yule tuliyemwita nsumba ntale. Yeye ndiye angewaongoza. Nikatua kapu, nikamwuliza na yeye. Akanigeuzia swali.

"Baba yako anasemaje?"

"Anasema watu wanataka."

"Na mzee wa Burma?"

"Hivyo hivyo. Na Mzee Lutema. Na wewe je?"

Shija alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mcheza ngoma, asiyejua kunong'ona. Siku hiyo alinong'ona. "Mimi nilipowaona wote wameinua mikuki, nikajua nikikataa nimekwisha." Akalitazama kapu muda mrefu. "Kesho unga huu usiwape wanawake waugawe. Uulete uwanjani wewe mwenyewe, useme uliyoyaona. Ila usimtaje mtu, utamwaibisha."

Mwanangu, msichana kusema mbele ya mkutano wa wanaume wenye silaha, hilo halikuwepo kwetu. Lakini kesho yake nikaenda. Masanja alikuwa mstari wa mbele, na nilimtazama yeye tu. Nikatua kapu katikati ya uwanja.

"Nimepita nyumba zote," nikasema. "Nilikuwa nawatafuta watu wanaotaka vita, niwape unga huu. Sikuwakuta. Labda nilipishana nao njiani. Mwenye unga, unga wake ni huu hapa, aje achukue."

Nikarudi nyuma. Hakuna aliyekuja. Kila mmoja alimtazama mwenzake aone nani atatoka, na waliotazamana waliona kitu machoni mwa wenzao ambacho juzi hawakukiona. Mzee wa Burma ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Baba akachomeka mkuki wake ardhini, akakaa chini. Wakaanza kukaa mmoja mmoja, na mkutano wa kweli ukaanza hapo, ukaenda mpaka jua likapinda.

Nisikudanganye kwamba mambo yalikuwa mazuri. Walituma wazee bomani na malalamiko, wakasimamishwa juani siku nzima, na ng'ombe wa Mzee Lutema wengi hawakurudi. Wapo waliosema tulikuwa waoga, na mimi nikaitwa majina. Lakini siku ya Uhuru Masanja alipanda lori la pamba kwenda mjini Mwanza kuona bendera mpya, na mwanawe kakaa mabegani.

Miaka mingi baadaye, nchi hii ikaingia vitani kweli, huko ng'ambo ya ziwa. Mwanangu wa pili, Maganga, akaja kuniaga. Nikamwuliza lile lile nililomwuliza baba yangu. Akanitazama usoni. "Mama, mimi nataka. Wameingia kwetu, wamechoma nyumba za watu. Hata wenzangu wote wakibaki, mimi nakwenda." Nikaingia jikoni, nikamfungia unga kwa mkono wangu.

Hakurudi. Nimemlilia na bado namlilia. Ila sijawahi kukaa nikajiuliza ni nani alimpeleka.

Kwa hiyo nisikie. Siku yoyote nchi ikichemka, redio ikisema, barabara zikijaa, na kila mtu akakuambia watu wanataka, usikimbilie kuitikia wala usikimbilie kupinga. Mwulize aliye karibu nawe, yeye mwenyewe anataka? Mwulize mkubwa, mwulize mwenye zizi tupu. Halafu rudi kwako ujiulize wewe, kwa sauti, na jibu uliseme wengine wakiwa wanasikia.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe nyumba yenye watoto wenye maswali, na uvumilivu wa kuwajibu. Na siku unga utakapowekwa katikati ya uwanja, akupe kujua kama ni wako.