Upungufu wa Furaha

Baba wa mchumba wangu alimrudisha mjomba kutoka Simbo na jibu moja tu: kijana wenu mkampime kwanza, ndipo tuzungumze habari za posa.

Mjomba ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Alinikuta kibandani kwangu Ujiji, namimina mawese kwenye madumu.

"Anasema ulicheka msibani."

Kweli nilicheka. Ulikuwa msiba wa kaka yake huyo mzee, na kicheko kilinijia jeneza linatolewa nje. Nilijiziba mdomo kwa kofia, lakini mabega yakanisaliti.

"Anasema mtu wa hivyo kuna kitu kimempungua. Binti yake hampi."

"Sasa nikapimwe nini, mjomba?"

"Hicho kilichopungua."

Kwetu ugonjwa wowote hupitia kwanza kwa shangazi. Shangazi ni msusi, ila tangu ahudhurie semina ya virutubisho kule Kigoma mjini, saluni yake ina mashine. Ni kompyuta ndogo, waya, na kipande cha chuma unachokikamata mkononi kama mpini wa mwiko. Unatulia, kompyuta inalia pi, pi, pi, picha ya mtu inazunguka ikibadilika rangi, na wanawake wanaosukwa wananyoosha shingo waone ini lako.

"Ini zima," shangazi akasoma. "Figo nzima." Halafu akaisogelea kompyuta. "Lakini amino asidi, eh! Zimekwisha. Tena hizi zinazotengeneza furaha. Mwanangu, wewe una huzuni."

Saluni nzima iliangua kicheko. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

"Mnaona?" akawaambia. "Ndivyo inavyojificha."

Akanipa kopo la vidonge, akasema ndani mna amino asidi tupu, nimeze viwili kila asubuhi. Vilikuwa vikubwa kama kokwa za chikichi na vilinuka chakula cha kuku. Nilivimeza kwa imani. Mimi shule niliishia darasa la saba. Kitu kimeandikwa na kompyuta, nikipinge mimi nani? Nikaanza hata kuitafuta hiyo huzuni yangu. Nilikwenda kukaa ufukweni nikayatazama maji, kama nilivyoona watu wenye mawazo wakifanya. Bahati mbaya siku hiyo milima ya Kongo ilionekana vizuri mno. Nikaishia kukipanga kiwanda changu cha sabuni ya mawese, geti litakaa wapi, na nitawauzia vipi watu wa ng'ambo. Huzuni sikuiona.

Nilichokiona ni tumbo. Lilivurugika mpaka nikaenda zahanati na kopo langu. Nesi alilisoma pande zote.

"Nani kakwambia umepungukiwa?"

"Chuma."

"Chuma cha kushika mkononi hakiwezi kujua hilo, mdogo wangu. Unakula nini?"

"Ugali, dagaa, maharage."

"Basi hizo asidi unazila kila siku, tena na mchuzi wake. Acha hivi vidonge."

Kisha akaniuliza mambo mengine taratibu, bila utani. Nalala vizuri? Nimepoteza hamu ya kukaa na watu? Kuna siku naamka naona heri nisingeamka? Nikajibu ndiyo, hapana, hapana. Akasema huzuni ambayo ni ugonjwa ipo, anaipokea pale mara nyingi, na inaanza kujulikana hivyo, mtu akiulizwa na akisikilizwa. Nilitoka mpole kabisa.

Lakini karatasi ya majibu ya mashine ya shangazi ilikuwa imeshafika kwa mjomba, na mzee wa Simbo alitaka aletewe, na mwenye karatasi aje nayo.

Tulimkuta uani kwake, kwenye kigoda, anachambua chikichi. Mlango wa jiko ulikuwa wazi kidogo, nikajua mchumba wangu anasikiliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akavaa miwani. Akasoma. Akamtazama mjomba. "Huyu? Amepungukiwa furaha?"

"Ndivyo mashine inavyosema, mzee," mjomba akajibu, macho chini.

Mzee akasoma tena. Kikaanza kama kikohozi. Bega moja likatikisika, likafuata la pili, ungo ukapinduka chikichi zikatawanyika uani, na mkewe akatoka mbio na kikombe cha maji akidhani amepaliwa. Mzee alikuwa anacheka. Mkewe alibaki amesimama na kile kikombe, kama mtu aliyekuta mgeni sebuleni kwake.

Halafu mzee akajifuta macho, uso ukarudi ulivyokuwa.

"Haya. Kwa nini ulicheka tunamtoa kaka yangu?"

Nilijua kama mke ninaye au sina, ni kwa jibu hili.

"Nilimkumbuka, mzee. Alikuwa mteja wangu. Kila akija anaonja mawese kwa kidole. Anasema siyo haya, hebu yale. Anaonja madumu yote, halafu ananunua la kwanza, na kidole anakifutia kwenye shati langu. Siku ya msiba nilivaa shati lile, mawese si unajua hayatoki. Nikainamisha kichwa nilie, nikakiona kidole chake hapa kifuani. Kicheko kikatangulia, mzee. Machozi yalikuwa nyuma."

Mzee aliinama, akaanza kuokota chikichi moja moja.

"Mimi alinifutia kwenye kanzu ya Idi," akasema mwishowe. "Tukiwa wadogo. Na aliyechapwa ni mimi."

Akageukia ukutani kidogo. Hakuna aliyemwangalia.

"Jumamosi mje na wazee wenu," akamwambia mjomba.

Jikoni mfuniko wa sufuria ukaanguka, na mtu akacheka, akajiziba, akacheka tena.

"Na huyo," mzee akasema bila kugeuka, "msije mkasema sikuwaambia. Anacheka mpaka usingizini."

Nikavuta pumzi ili na mimi nicheke. Mjomba akanikanyaga mguu.