Jibu Kwanza, Utaelewa Baadaye

Watu walimwita Wiki Sita, na jina hilo alilipenda hata akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa darasa lake. Nipe wiki sita, alikuwa akisema, nikupe lugha. Si lugha ya vitabu, hiyo waachieni maprofesa. Yeye alikupa lugha ya kukushusha kwenye ndege, kukupitisha kwa maofisa wa uhamiaji na kukuingiza jikoni kwa watu bila magoti kugongana. Maneno mia tatu, basi. Aliyachagua mwenyewe, moja moja, na hakukubali liongezwe hata moja.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabomba na rangi, chumba kimoja chenye mabenchi sita na ubao uliopauka. Pembeni palikuwa na sufuria tatu, pasi, ndoo na ufagio, maana alifundisha kwa vitu, si kwa daftari. Wanafunzi wake walikuwa wasichana na akina mama waliojiandaa kwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Walipanda zile ngazi hawajui hata salamu ya watu wa kule, na wiki sita baadaye wakashuka wakibwabwaja.

Lugha yenyewe hakuipata kwa raha. Ujanani alikwenda huko huko kuendesha gari la familia moja, hajui hili wala lile. Siku ya tatu bosi wake akamwuliza jambo, akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza, mdomo mzito kama umetiwa gundi. Bosi akadhani ni kiburi, akamnyang'anya funguo na kumpeleka bandani kuosha magari ya wenzake. Alikaa huko mwaka mzima, akiokota neno moja leo na jingine kesho, na alipotoka alikuwa na imani moja tu maishani: kinachomponza mgeni ni kukaa kimya. Usipoelewa, jibu. Usipojua, jibu. Jibu kwanza, utaelewa baadaye.

Ndiyo maana wiki yake ya kwanza haikuwa na kalamu. Alisimama mbele na kurusha maswali kwa lugha ile, chapuchapu, kama bosi mwenye haraka, na kabla kofi lake halijatua mezani darasa zima liwe limeshajibu. Hujambo? Sijambo, mama. Umechoka? Sijachoka, mama. Unaumwa? Siumwi, mama. Kuna tatizo? Hakuna tatizo, mama. Na tabasamu juu yake! Jibu bila tabasamu alilihesabu kosa. Aliyechelewa alibeba sufuria kichwani mpaka akosee mwingine, na wenzake wakacheka kuvunjika mbavu. Hayo ndiyo maswali yaliyoulizwa kwa simu na mabosi wa kule kabla ya kumchukua mtu, na ukigugumiza tu, kazi umeikosa. Wa Wiki Sita hawakugugumiza. Mawakala wa ajira walimpenda ajabu.

Nami niseme mapema, maana najua mtakavyomhukumu: hakuwa mtu mbaya. Wasichana waliokwama jioni aliwasindikiza mpaka kituoni. Aliyeshindwa lugha alimfundisha tena wiki sita nyingine bure, huku akimtukana kwa mapenzi. Kosa lake lilikuwa moja, na alilifanya kwa moyo mweupe, mbele ya watu, kwa miaka tisa.

Mdogo wake wa kike alikuwa fundi wa kushona mapazia, mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana. Huyo ndiye waliyemwita Chiriku. Mtoto alianza kusema hajatimiza mwaka na nusu, na tangu hapo hakuna aliyemnyamazisha. Aliongea na jirani, akaongea na cherehani, akaongea na chai ikiwa bado jikoni. Akichomwa na kijiti kidoleni, mtaa mzima unapata habari, na mpaka jioni wanaulizana kama kimetoka.

Alipofika miaka ishirini na mbili, na kazi hakuna, akasema anataka kwenda. Mama yake alikataa mwezi mzima. Mwishowe akavua miwani yake ya kushonea, akamfuata kaka yake darasani, akakaa kwenye benchi la mwisho kama mwanafunzi.

"Kaka, unajua nina huyu mmoja," akasema. "Wewe huko umefika. Ukiniambia anaweza, nitamruhusu. Ukisema hawezi, nitamfunga kamba."

"Mlete kwanza nimsikie."

Akamleta. Jamani, yule msichana! Kwa mdomo ule, lugha haikumpa tabu. Wiki ya pili ilipoisha alikuwa anajibu swali halijamalizika. Hakubeba sufuria hata siku moja. Wakala akija kukagua, Wiki Sita alimsimamisha Chiriku mbele na kumrushia maswali, naye akayadaka yote na tabasamu juu, na mjomba mtu akavimba kichwa mpaka akasahau kumpa wakala kiti.

Siku moja, katikati ya mazoezi, msichana akamkatiza.

"Mjomba, mbona yote ni sijambo, siumwi, hakuna tatizo? Sasa mtu akiwa na tatizo kweli?"

"Mwenye tatizo anarudishwa na ndege ya kesho yake. Unataka kurudishwa?"

"Aka! Nirudishwe nimeshaaga watu?"

"Basi huna tatizo."

Darasa likaangua kicheko, naye Chiriku akacheka kuwashinda wote. Wiki Sita akapiga kofi mezani, wakaendelea.

Jumamosi ya mwisho alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mdogo wake. Akamkuta amezungukwa na mapazia ya hoteli, sindano mdomoni.

"Anaweza," akamwambia. "Tena mimi mwenyewe sikuwa hivyo. Mtoto huyu lugha imemkaa."

Mama mtu akaitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa, akalia kidogo. Halafu akasema haya, aende.

Chiriku alipangiwa nyumba ya bibi mmoja mtu mzima aliyeishi peke yake kwenye fleti ya ghorofa ya nne. Msitafute mnyama katika hadithi hii, hayupo. Bibi alimpa chumba chenye dirisha, alimwacha na simu yake, alimnunulia koti la baridi. Kila Ijumaa msichana alimtumia mama yake sauti ndefu, na jirani wakaja kusikiliza. "Mama, bibi wa watu hana neno," alisema, "ila anauliza sana. Umekula? Umelala? Una baridi? Najibu mpaka nachoka." Wakacheka. Wiki Sita akaicheza sauti hiyo darasani, ili wengine wajue matunda ya mazoezi.

Mwezi wa nane, siku ya Jumatatu, ukaja ujumbe mfupi, na ufupi wenyewe ulimtisha mama yake. Tumbo linanikata, mama, upande wa kulia. Mama mtu akampigia, na msichana akasema ni tumbo tu, litaacha.

"Mwambie bibi akupeleke hospitali."

"Nitamwambia, mama. Ila naogopa asije akasema mimi mgonjwa, nikarudishwa."

"Mwambie, nimesema!"

"Nitamwambia."

Mama hakutulia. Akampigia kaka yake, akamtoa katikati ya darasa. Wiki Sita akatoka kwenye ngazi, akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia asitie wasiwasi. "Lugha anayo. Atajieleza. Huyo ndiye wa kukosa la kusema?" Mdogo wake akacheka, maana kweli, Chiriku akose la kusema! Wiki Sita akarudi ndani, akaokota swali pale alipoliacha. Sijui kama siku ile aliuliza wamechoka au wanaumwa. Yeye anajua, lakini hajawahi kusema.

Jumatano msichana aliandika kwamba nafuu ipo, maumivu yamepungua ghafla. Mama akashukuru. Hakuna aliyemwambia kwamba kidole tumbo kikipasuka maumivu huweza kupoa kwanza. Ijumaa haikuja sauti ndefu. Jumamosi asubuhi wakala alipanda ngazi za darasa taratibu, kofia mkononi, na Wiki Sita alipomwona alimpisha kiti upesi, akidhani ameleta wanafunzi.

Msiba ulikaa nyumbani kwa fundi wa mapazia, vyumba viwili, cherehani imefunikwa shuka. Mwili ulikuwa bado huko, unasubiri karatasi. Siku ya tatu mchana, simu ya mama ikaita, namba ndefu ya nje. Alikuwa yule bibi. Aliipata namba kwenye simu ya marehemu. Mama akaisikiliza sauti ngeni ikilia, akaiweka simu kwenye kigoda, akafungulia spika ili wote wasikie, akamtazama kaka yake. Katika chumba kile aliyeielewa lugha ile alikuwa mmoja tu.

Bibi alisema kidogo, akasubiri.

"Anasema pole," akasema Wiki Sita. "Anasema alimpenda kama mjukuu wake."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Bibi akaendelea, na safari hii hakusubiri. Alisema kwamba Jumatatu alimwona msichana ameinama penye sinki, ameshika ubavu. Akamwuliza, unaumwa? Akajibu, siumwi, mama. Akamwuliza, nikuitie daktari? Akajibu, hakuna tatizo, mama. Akatabasamu. Jumanne akamwuliza tena, Jumatano tena, na kila akiuliza alijibiwa upesi, vizuri, na lile tabasamu. Ijumaa alimkuta sakafuni, na hospitali wakasema wamechelewa. Lugha aliijua vizuri mno yule mtoto, akasema bibi, ningejuaje kwamba ananificha? Nani alimfundisha kujibu vile? Akalirudia swali hilo mara mbili, kisha akasubiri.

Wiki Sita akawageukia watu.

"Anasema ilikuwa ghafla," akasema. "Anasema hakukuwa na la kufanya."

Mdogo wake hakuondoa macho kwake. "Kaka, huyo mama ameongea nusu ya saa."

"Ni mambo ya hospitali tu."

"Lugha yao siijui, lakini mtu akiuliza najua. Amekuuliza kitu, tena mara mbili. Amekuuliza nini?"

Angeweza kuendelea kudanganya. Hilo ndilo ninalomhesabia, hata kama wengine hawamhesabii kitu: pale hapakuwa na mtu wa kumsuta, na bibi wa watu asingejua. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akayasema yote. Jumatatu na lile sinki. Jumanne na Jumatano. Daktari aliyetaka kuitwa. Aliyasema kwa mpangilio, bila kuruka, kama anavyofundisha.

"Alimwuliza kama anaumwa?" akasema mama.

"Kila siku."

"Naye akasema haumwi? Chiriku wangu? Aliyekuwa akilia kwa kijiti mtaa mzima ukasikia?" Sauti yake ilianza kupanda. "Kwa nini, kaka? Kwa nini aseme haumwi, na mtu amesimama mbele yake anataka kumwitia daktari?"

"Nilimfundisha mimi," akasema Wiki Sita. "Nimewafundisha wote hivyo. Kabla hujafikiri, mdomo uwe umeshasema siumwi. Ndicho ninachofundisha. Huyo mama anauliza nani alimfundisha, na ni mimi."

Shangazi mmoja pale pembeni alianza kusema ni mipango ya Mungu. Mama mtu akamnyooshea mkono anyamaze. Kwenye kigoda sauti ya bibi ilikuwa inaita, halo, halo, ikidhani simu imekatika.

"Mwambie asante," akasema mama.

"Nani?"

"Huyo mama. Mwambie nashukuru alimwuliza mwanangu kama anaumwa. Mwambie yeye alimwuliza. Useme hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze."

Wiki Sita akainamia kigoda, akasema. Baadhi ya maneno hayo hayakuwamo katika yale mia tatu, ikabidi ayatafute, na alipoyapata aliyasema huku machozi yakimwingia mdomoni. Upande wa pili bibi akalia kwa sauti, akasema jambo ambalo Wiki Sita hakuhitaji kulitafsiri, maana kila mtu alilielewa. Kisha simu ikakatika.

Mama akaichukua simu yake, akaifuta kioo kwa pindo la khanga, akaiweka kifuani.

"Sasa nenda kwako, kaka," akasema bila hasira yoyote. "Na kesho usije. Siku mwanangu akifika, pia usije."

Wiki Sita alisubiri kidogo, labda mtu angemtetea. Wala. Akatoka mlangoni, akaanza kutafuta viatu vyake katikati ya viatu vya wafiwa, akachukua muda mrefu, na watu wote mle ndani walikuwa wanamsikia akitafuta.